Tuliowaombea Wakaenda Chuo Kikuu

Kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, matangazo ya Jumapili huwa na kipengele kile kile: vijana wanaokwenda chuo kikuu wapite mbele tuwaombee. Wanasimama mbele ya madhabahu, wengine nywele zao bado fupi kutoka JKT, wazazi wakiwa nyuma yao. Nimewawekea mikono vijana wa namna hiyo kwa miaka mingi sasa. Na wazazi wanapokuja ofisini kabla ya siku hiyo, ni wachache wanaosema, "Mchungaji, omba afaulu." Wengi husema, "Mchungaji, omba asipotee."

Ni kwa sababu ya neno hilo, kupotea, kwamba nimekuwa nikiwasikiliza kwa makini wanaporudi likizo. Mimi nilisoma chuo cha theolojia. Kengele ilituita kanisani kabla ya chai ya asubuhi, na mwalimu aliyekupa alama mbaya ya Kigiriki siku ya Ijumaa ndiye aliyekupa Meza ya Bwana siku ya Jumapili. Ninachokijua kuhusu chuo kikuu cha umma nimekipata kwa vijana hawa, jioni, kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika, pamoja na mara chache nilizowatembelea Dar es Salaam na Dodoma. Hawarudi na habari moja.

Binti mmoja aliyesomea uhandisi aliniambia kwamba imani yake ilikuwa yake kwa mara ya kwanza alipofika chuoni. Hapa nyumbani alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, na asipoonekana ibadani watu watatu watampigia mama yake simu kabla ya sadaka kukusanywa. Kule hakuna aliyemjua. Jumapili ya kwanza alilala hadi saa nne. Ya pili pia. Chumbani walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa Mwislamu wa Pemba, aliyeamka kila alfajiri, akatawadha na kuswali bila kuwasha taa asije akawaamsha wenzake. "Nilianza kuona aibu kujifunika shuka mwenzangu akisujudu," alisema. Akachukua Biblia yake, akawa anasoma saa ile ile kwa mwanga wa simu. Hawakujadiliana dini. Walikuwa wanaamka tu, kila mmoja kwa njia yake. "Mchungaji, aliyenirudisha kwenye sala ya asubuhi ni yule dada wa Pemba." Baadaye alijiunga na wanafunzi Wakristo wanaoabudu pamoja, Wamoraviani, Waanglikana na sisi, katika ukumbi ambao kesho yake asubuhi hufundishiwa hesabu. Sasa ni mzee wa kanisa yeye mwenyewe, na kwenye baraza la wazee ndiye anayeuliza maswali magumu ya fedha.

Habari za fedha wanazo wote. Tunapofikiria majaribu ya chuoni tunafikiria disko na pombe, lakini jaribu linalotajwa zaidi kwenye benchi langu ni njaa. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na bila hiyo watoto wengi wa usharika huu wasingefika chuo kikuu kabisa. Baba mwenye migomba na ng'ombe wawili hawezi kulipa ada ya udaktari. Namshukuru Mungu kwa hilo bila kusitasita. Lakini fedha ya kujikimu, wanayoiita bumu, huja kwa mafungu, na fungu likichelewa kuna majuma ya mlo mmoja kwa siku. Asiyepata kitanda hosteli hulala na mwenzake kwenye kitanda cha mtu mmoja. Wana neno lake, kubebana. Mhitimu akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa hadi deni liishe, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Kijana anayefunga kwa sababu hana chakula hahitaji mahubiri juu ya kufunga. Anahitaji mtu wa usharika wake aliyeko mjini amwambie, "Njoo Jumapili ule nyumbani."

Halafu kuna lugha. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akavuka sekondari kwa kukariri, anaketi kwenye ukumbi wa mamia ya watu akifundishwa kwa Kiingereza cha haraka. Wengi wameniambia kwamba muhula wa kwanza walijiona wajinga, wao waliokuwa wa kwanza katika shule zao. Anayepata sapu hufanya mtihani tena. Anayedisko hurudi nyumbani na sanduku lake, na mara nyingi huyo ndiye ambaye haonekani kanisani.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kulipita, lakini haifai. Binti wa pili, katika chuo nisichokitaja, aliambiwa na mwalimu wake kwamba alama zake zinategemea kama atakubali kukutana naye nje ya chuo. Alikataa, akafelishwa somo hilo. Alichonieleza kwa uchungu mkubwa kuliko hata kufeli ni kwamba hakuweza kuwaambia wazazi wake. Alijua neno watakalotumia. Wangesema amepotea, wangeuliza alivaa nini, alifuata nini ofisini kwa mwalimu. Kwa hiyo alinyamaza miezi mitano, hadi mama mmoja anayehudumu na wanafunzi pale chuoni alipomwona akilia na kumpeleka mahali panapohusika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, kifungu cha 25. Wazazi wanaosoma kitabu hiki, mwambieni binti yenu habari ya kifungu hicho kabla hajapanda basi. Mwambieni pia kwamba akiwapigia simu usiku mtauliza yuko salama kwanza, na mengine baadaye. Yeye alirudia somo mwaka uliofuata kwa mwalimu mwingine, akafaulu vizuri.

Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, alipendekeza kwenye kikao kwamba tuwapeleke watoto wetu katika vyuo vya Kanisa tu. Vyuo vyetu navipenda, na Makumira imewalea wachungaji wengi wa Kanisa hili. Lakini nilimkumbusha kwamba chuo kikuu cha Wittenberg hakikuanzishwa na askofu wala papa. Kilianzishwa mwaka 1502 na mtawala, Mteule Frederick wa Saxony, na Luther alikuwa mwajiriwa pale, profesa aliyefundisha Maandiko tangu 1512. Hoja 95 ziliandikwa na mwalimu wa chuo kikuu aliyetaka mjadala. Miaka saba baadaye aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule na kuzigharamia, maana aliona shule ni wajibu wa serikali pia. Mzee alicheka, akasema Wittenberg hapakuwa na intaneti. Ni kweli, hapakuwa.

Sasa nifike kwa yule ambaye mama yake haachi kuniuliza habari zake. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kipaimara, aliyeijua Katekismo kuliko wote, mwimbaji wa sauti ya tatu. Alikwenda kusoma historia. Likizo ya mwaka wa pili alikuja na swali. Tangu utotoni tumewafundisha, sisi wa upande huu wa mlima Meru, habari za wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliouawa Akeri Oktoba 1896. Aliniuliza kwa nini hatukuwafundisha kwa uzito ule ule kilichofuata: majeshi ya Kijerumani yaliyokuja kulipiza kisasi, Wameru na Waarusha waliouawa, ng'ombe waliotwaliwa, migomba iliyofyekwa. "Mababu zangu wamo humo, Mchungaji. Majina yao yako wapi?" Tangu hapo hashiriki Chakula cha Bwana. Anakuja ibadani akiwa nyumbani, anakaa nyuma, na watu wakienda madhabahuni anabaki.

Mama yake anasema chuo kimempoteza. Mimi sisemi hivyo. Swali lake ni la haki, na lingefaa kuulizwa hapa hapa, kwenye darasa la kipaimara, kabla chuo kikuu hakijaliuliza. Mtu asiyejali Kanisa haachi Meza ya Bwana kwa machozi. Anaiacha kwa kusahau. Wakati huo huo sitaki kujifanya kwamba hakuna hatari. Anaweza asirudi. Nimewaona wengine ambao maswali yao yaligeuka hasira, na hasira ikageuka ukimya, na leo tunakutana nao kwenye misiba tu. Nilimwambia kwamba Injili iliyoletwa na watu walioandamana na bunduki za serikali yao bado ni Injili. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Labda. Lakini semeni na bunduki zilikuwepo."

Sasa anafundisha sekondari, mbali na hapa. Mwezi Juni alinipigia simu kuuliza kama kuna wazee wa ukoo wanaokumbuka majina waliyosimuliwa na babu zao. Nimepata wawili, mmoja ana zaidi ya miaka tisini na husikia kwa sikio moja. Tumekubaliana kwenda kwake Desemba, shule zikifungwa, sisi watatu, yeye, mama yake na mimi. Mama ameshaanza kuulizia mzee huyo anapenda asali au sukari kwenye chai.