Ngozi Inayozunguka Stoma

Liko jambo moja ambalo watu huona haya kulitaja, na kwa sababu ya haya hiyo wengi huteseka bure. Ni habari ya mtu aliyepasuliwa, utumbo wake ukatolewa nje, hata akawa anapata choo kwa tundu la tumboni. Waganga wa hospitali huliita tundu hilo stoma. Ni neno la Kiyunani, maana yake kinywa.

Mimi ni mwalimu hapa Butimba, na jambo hili nalijua kwa kuwa lilimpata mpwa wangu, kijana wa shule, akaaye nyumbani kwangu. Homa ya matumbo, yaani taifodi, ilimtoboa utumbo mwembamba. Alipasuliwa katika Hospitali ya Bugando, ile iliyofunguliwa mwaka 1971 kilimani katika mji wa Mwanza, akapona. Lakini alipokwisha kurudi nyumbani, taabu ya pili ilianza. Ngozi yake iliwaka kama iliyomwagiwa maji ya moto; ikachubuka, ikatoa majimaji. Kijana akaanza kujinyima chakula ili choo kisitoke, akaacha shule, na kanisani akaketi karibu na mlango apate kutoka upesi. Jirani wengine walileta majani ya kusaga. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Alitueleza kuwa stoma yenyewe haina maumivu ikiguswa. Inayouma ni ngozi, na ngozi yaweza kutunzwa. Choo cha utumbo mwembamba ni chepesi, nacho kina maji yale yale ambayo mwili huyatumia kuyeyushia chakula. Yakikaa juu ya ngozi, huila nayo. Tena stoma huwa imevimba baada ya kupasuliwa, kisha hupungua kwa majuma 6 hata 8. Kijana alikuwa bado akikata tundu la kibandiko cha mfuko kwa kipimo cha siku za kwanza, na ngozi iliyobaki wazi ikawa inaogeshwa choo mchana na usiku.

Basi yafaa kupima stoma kila juma katika siku hizo, na tundu la kibandiko lisiizidi ila kwa milimita 2 au 3. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, maana ukiwa mzito hubandua kibandiko. Na jasho la kwetu huku ziwani husaidia kukibandua. Wakati wa kubadili, ngozi ioshwe kwa maji safi ya vuguvugu, pasipo sabuni ya manukato, ikaushwe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini, wala isisuguliwe. Isipakwe mafuta, kwa maana kibandiko hakishiki penye mafuta. Lakini asiye na mfuko, kama watoto wengi wanaofungwa vitambaa, huyo hupakwa mafuta mazito ya mgando au dawa ya zinki, ili choo kisiguse ngozi, na kitambaa hubadilishwa mara kwa mara.

Mifuko ni ghali, na mtu huvutwa kuziba kwa plasta mahali panapovuja ili mfuko ukae siku moja zaidi. Kufanya hivyo ni kuufungia moto ndani ya nyumba. Kinachovuja kibanduliwe mara moja.

Alama ya afya ni rahisi: ngozi ya penye stoma ifanane na ngozi ya upande wa pili wa tumbo. Stoma yenyewe iwe nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Ikigeuka nyeusi, au isipotoa choo na tumbo kuvimba, mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Vipele vidogo vinavyowasha navyo vionyeshwe kwa mganga, kwani huenda ni ukungu wa ngozi wenye dawa yake.

Kwa njia hizo ngozi ya mpwa wangu ilipona, akala akashiba, akarudi darasani hali mfuko ungalipo tumboni mwake. Baada ya miezi kadhaa waganga waliurudisha utumbo ndani. Wako wengine ambao hawatarudishiwa, nao wataishi hivyo maisha yao yote. Kama yuko mmoja wao nyumbani kwako, usingoje akuambie, maana anaona haya. Muulize kwa upole kama ngozi yamwuma, kisha mtengee maji ya vuguvugu na kitambaa safi.