Nilisema Ndiyo, Nikapotea

Mimi ni karani wa parokia, na ualimu nimeusomea chuoni. Leo napenda kuwasimulieni jinsi herufi moja tu ilivyonipoteza ugenini.

Mwezi wa Agosti mwaka 2011 vijana Wakatoliki wa nchi nyingi walikusanyika Madrid, mji mkuu wa Hispania, pamoja na Baba Mtakatifu Benedikto wa 16. Nami, nikiwa bado mwanafunzi wa ualimu, nilijaliwa kuwamo. Kabla ya safari nilijifunza maneno ya njia katika kijitabu. Si magumu kwetu, maana a, e, i, o, u za Kihispania hutamkwa kama zetu. “¿Dónde está?” ni “Iko wapi?” “A la derecha” ni kuume, “a la izquierda” ni kushoto, “todo recto” ni moja kwa moja. “Cerca” ni karibu, na “lejos”, litamkwalo “lehos”, ni mbali. Nikajivuna mno, hata wenzangu wakaniita Mkalimani.

Usiku mmoja mwenzetu, aliyeuza ng’ombe wake kuongezea nauli, alishikwa na kuhara na kutapika. Jua la huko mwezi wa Agosti ni kali, naye alikwisha pungukiwa na maji mwilini. Kiongozi wetu akasema, “Haya Mkalimani, kimbia ukatafute dawa.” Huko maduka ya dawa hupokezana zamu za usiku. Lenye zamu huitwa “farmacia de guardia”, nawe huyatambua maduka hayo kwa msalaba wa kijani.

Njiani nikamkuta mama mmoja, nikamwuliza vizuri. Akajibu upesi, “Siga derecho, dos cuadras.” Nilidhani nimeshika neno moja, mengine yakanipita. Badala ya kukiri, nikaitikia kwa kichwa: “Sí, sí, gracias.” Nikakata kuume, mbio.

Kumbe! “Derecha” yenye a mwishoni ni kuume, lakini “derecho” yenye o, kwa watu wa Amerika ya Kusini, ni moja kwa moja. Na “cuadra” kwao ni urefu wa mtaa toka njia panda moja mpaka ya pili. Bila shaka mama yule alikuwa mtu wa kule, maana wengi wamehamia Madrid. Yeye aliniambia kweli; mimi ndimi niliyejidanganya.

Nikatangatanga zaidi ya saa nzima. Mwishowe nikamwona kijana akifunga mkahawa. Safari hii nilisema, “No entiendo”, yaani “Sielewi”, kisha, “Más despacio, por favor”, yaani “Polepole, tafadhali.” Akanionyesha kwa mkono. Nikayarudia maneno yake moja moja, na nilipokosea akanisahihisha. Haukupita muda nikauona ule msalaba wa kijani.

Mwenzetu alikunywa dawa iliyochanganywa na maji, akapona. Lakini siku ya Jumamosi, tulipokwenda kwa miguu kwenye uwanja wa ndege wa Cuatro Vientos kukesha na Baba Mtakatifu, yeye alibaki mkekani, hana nguvu. Sijui kama saa ile niliyoipoteza ndiyo iliyomzuia. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku hizi wageni hufika ofisini kuniuliza njia ya vigangoni. Sisi tumezoea kusema, “Ni hapo tu, mbele kidogo,” kumbe ni mwendo wa saa mbili! Mimi huwataja kijito, mwembe mkubwa, na mahali pa kukata kushoto. Kisha humwomba mgeni anirudishie maneno yangu.

Nawe, ndugu msomaji, ukielekezwa njia, hata kwa lugha ya mama yako, usiseme ndiyo kabla hujaelewa. Kuuliza si ujinga. Mimi niliona haya kuuliza mara ya pili, na mgonjwa akaningoja.