Tulivyokisoma Kisa cha Musa na Khidhri

Mhariri wa kitabu chetu huniomba kila mwaka niandike neno, nami kila mwaka humpa khabari za watoto waliofaulu mitihani au namna ya kupika mkate wa mchele kwa majiko ya huku. Safari hii aliyeniomba ni mume wangu. Alisema, "Mwalimu, andika yale mambo yangu, maana wengi wamebaki na lao moyoni." Ameyasoma yote kabla sijayapeleka, na pahala pawili amefuta.

Wengi wenu mnaikumbuka khitma ya wifi yangu, mwaka 2014. Alifia Unguja, nasi tulimsomea hapa Birmingham, katika ukumbi tuliokodi Sparkbrook. Wanaume wa familia walikaa kupokea mikono ya tanzia, na nafasi ya ndugu yake, baba mmoja mama mmoja, ilikuwa tupu. Mlipouliza nilijibu kuwa anaumwa na macho. Macho yalikuwa yakimsumbua kweli, ila siyo yaliyomzuia. Nilimwacha nyumbani amekaa kwenye ngazi, taa hajawasha, analia. Alikuwa amekatazwa kuja.

Mume wangu aliendesha basi miaka mingi, mara nyingi lile namba 11 lililokuwa likiuzunguka mji, yapata maili 26 kwa mzunguko mmoja. Alipostaafu alikosa watu. Mtu aliyezoea kusalimiwa na abiria tangu alfajiri akabaki anatazama dirisha. Basi akakaribishwa kwenye darsa nyumbani kwa mtu mmoja, ambaye wao wakimwita Ustadhi. Nisiwadhulumu: walimpokea vizuri, walikuja kumtazama alipougua, na miezi ya mwanzo mimi mwenyewe nilifurahi kumwona anaamka usiku kusali.

Kisha akapewa kula kiapo cha utii. Baada ya hapo mambo yalikuja moja moja, kila moja dogo. Asihudhurie mikusanyiko ya jamaa. Atoe paundi 50 kila mwezi. Asisome kitabu ila kile alichopewa na Ustadhi. Na akiwa na swali, ajue kuwa swali lenyewe ni ugonjwa wa moyo.

Sitaki mtu adhani kwamba ugomvi wetu ulikuwa juu ya khitma. Sheikh Abdullah Saleh Farsy mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuzikubali baadhi ya desturi zetu na aliandika kitabu juu ya bidaa. Lakini aliandika, akaweka hoja zake mezani, mwenye kupinga akapinga. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, alipotoa gazeti lake la Sahifa kule Mombasa mwaka 1930, alikosoa mambo mengi ya watu wake, tena kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu naye aelewe. Masheikh wetu waligombana hadharani, na sisi tulisoma. Mume wangu hakuwa anasoma tena. Alikuwa anaambiwa.

Na mimi nilikosea. Mwalimu wa miaka 30, nilimfokea kama mtoto wa darasa la tatu. Siku moja nilivitupa vijitabu vyake kwenye pipa la taka, naye akaenda kuviokota, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, na kwa muda wa wiki tatu akalala sebuleni. Nilijua nimempa Ustadhi ushahidi wa bure.

Aliyenisaidia ni mtoto wa jicho. Mapema mwaka 2015 alipasuliwa jicho la kulia, na kwa kuwa la pili lilikuwa bovu vile vile, wiki kadhaa hakuweza kusoma. Akanitaka nimsomee. Nilianza na vijitabu vya Ustadhi, neno kwa neno, bila ya kukunja uso. Haikuwa rahisi. Nilipomaliza ukurasa niliuliza swali moja tu, lile nililokuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: "Hii imeandikwa wapi?" Akijua, alinijibu. Asipojua, tuliendelea.

Ijumaa moja baada ya sala alinitaka nimsomee Suratul Kahf kama ada yake, na tafsiri yake kwa Kiswahili. Nilitoa Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh, iliyotolewa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Nakala yetu aliinunua marehemu baba, nami nilikuja nayo Uingereza sandukuni, na jalada lake limeshikwa kwa gundi. Hakukataa. Nadhani alitaka kusikia sauti ya nyumbani.

Tukafika kwenye kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema. (Jina la Khidhri halimo ndani ya Qurani, limekuja katika hadithi, haya tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo.) Mume wangu akasema, "Hapo ndipo anapotutolea dalili Ustadhi. Musa aliambiwa asiulize." Nikaisoma aya ya 70. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Kumbe sharti halikuwa la kutouliza kabisa. Aliambiwa asiulize mpaka atakapoelezwa. Lile neno "mpaka" mume wangu hakupata kulisikia kule kwenye darsa.

Tukaendelea. Jahazi ikatobolewa, Musa akauliza. Kijana akauawa, Musa akauliza, na kwa ukali. Ukuta ukasimamishwa, akasema tena. Mtume wa Mungu hakuweza kunyamaza mbele ya jambo aliloliona ni dhulma. Na kabla ya kuagana alielezwa yote, moja baada ya moja, na katika aya ya 82 yule mja akasema kuwa hakuyafanya kwa amri yake mwenyewe.

Mume wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mimi sijaelezwa hata moja."

Sikumjibu. Namshukuru Mungu kwa kuniziba mdomo siku ile.

Alikwenda mwenyewe kwa Ustadhi na swali lake. Alirudi kabla ya isha, akavua koti, akanambia ameambiwa kuwa mke wake amemharibu na asirudi mpaka atubie. Hakurudi. Msidhani alipona siku ile. Miezi aliota kuwa anaungua, na hata leo akikosa alfajiri huamka na hofu isiyokuwa hofu ya Mungu.

Oktoba mwaka ule zilionyeshwa zile kurasa mbili za kale za Qurani zilizo Chuo Kikuu cha Birmingham, pale Barber Institute. Ngozi yake imepimwa, ikaonekana ni ya baina ya mwaka 568 na 645. Tulipanda treni kwenda kuziona. Alisimama mbele ya kioo na jicho lake jipya, akajaribu kuyafuata maneno yale yasiyokuwa na irabu, mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Ukurasa mmoja ni wa Suratul Kahf hiyo hiyo, aya ya 17 hadi 31. Nyumbani tukazisoma. Imo aya ya 22, ya watu wanaobishana idadi ya vijana wa pangoni, watatu au watano au saba, pamoja na mbwa wao, na Mtume anaamrishwa aseme kuwa Mola wake ndiye ajuaye zaidi. Mume wangu alicheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba wa dada yake.

Sasa mnamwona kwenye shughuli zetu, anamwaga kahawa. Wengi mmempokea bila ya kuuliza. Yuko jamaa mmoja wa Leicester ambaye hajampa mkono tangu khitma ile, na simlaumu. Ila ajue kwamba siku ile mwenzake hakuwa amelala wala hakuwa amesahau. Simu yetu ni ile ile, na saa nzuri ya kumpata ni baada ya alasiri.