Mwana wa Seremala



Kila mwaka ikaribiapo tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, sisi makatekista huwaeleza wakristo wapya habari za nyumba ile ya Nazareti, baba alimokuwa akifanya useremala pamoja na mtoto. Maneno hayo tumeyasema miaka mingi, na kwa kweli tuliyasema kama mtu asimuliaye mambo ya jirani. Mwaka jana yaliingia nyumbani mwetu.

Kazi yetu ni ukatekista, wala si useremala. Walakini jioni, na hasa wakati wa masika, maji ya Kilombero yanapotapakaa bondeni na njia za vigango kuwa matope matupu, twapenda kushika randa na msumeno. Mapenzi hayo tuliyarithi. Marehemu baba yetu alikuwa mchonga mitumbwi, kama Wandamba wengi wa bonde hili, zamani kabla daraja la mto halijafunguliwa mwaka 2018, watu walipokuwa wakivuka kwa kivuko na mitumbwi. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, nje kwa shoka na ndani kwa tezo. Mzee aligonga ubavu kwa vidole, akasikiliza kama umekwisha kuwa mwembamba wa kutosha. Tezo likipita kiasi, gogo hutoboka, na kazi ya majuma mengi imepotea.

Basi, mwana wetu mwenye umri wa miaka 12 alituomba tumfundishe. Tukafurahi, tukaazimia kumfanyizia bibi yake kigoda cha miguu minne kwa vipande vya mtiki, mti uliopandwa katika bonde letu tangu miaka ya 1990. Siku ya kwanza mtoto alishika msumeno, akaukata mguu mmoja ukawa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Tukauchukua msumeno mkononi mwake. Hatukumpiga wala kumtukana, tulisema tu, "Tazama inavyofanywa." Akatazama. Siku ya pili akatazama. Siku ya tatu giza likatukuta kazini, akatushikia taa. Kigoda kikawa kizuri, nasi tukajisifu moyoni.

Tulipompelekea bibi, alimgeukia mjukuu wake, akasema, "Mume wangu, nawe ulifanya nini?"

Mtoto akajibu, "Nilishika taa, bibi."

Bibi akatutazama, wala hakunena neno. Tangu siku ile mtoto hakuja tena. Akisikia sauti ya randa, alichukua ndoo akaenda kisimani, ijapokuwa mtungi ulikuwa umejaa.

Mwezi wa Machi ulipofika tukafungua Injili ili kutengeneza mafundisho. Mtakatifu Matayo, katika sura ya 13, aandika kwamba watu wa nchi yake walimwita Bwana wetu mwana wa seremala. Mtakatifu Marko, katika sura ya 6, aandika kwamba walimwita seremala. Habari ni moja, maneno ni mawili. Tukajiuliza: kutoka neno lile mpaka neno hili, mtoto alipita njia gani? Injili haisimulii. Lakini kila fundi ajua kwamba hakuna aliyepata kuwa seremala kwa kushika taa. Bila shaka ilikuwako siku Yosefu alipoachia zana mkononi mwa mtoto, akakaa kando. Naye aliyeumba miti yote alikubali kufundishwa na mtu.

Ndipo tulipomkumbuka marehemu baba. Yeye hakututia kwanza katika gogo jipya. Alitupa tezo na mtumbwi mkuukuu uliopasuka, akasema, "Huu hauharibiki zaidi." Tukauchonga mpaka tukautoboa, naye akacheka. Wema tuliotendewa tulikuwa tumeusahau.

Tukamwita mtoto, tukamwomba radhi. Ulimi ulikuwa mzito, maana si desturi baba kumwomba mwanawe radhi. Kisha tukampa mbao, tukaketi, mikono tumeifumbata.

Kigoda chake kiliyumba. Akakata mguu mmoja, kikayumba upande wa pili. Akakata mwingine, kikayumba tena, nacho kinazidi kuwa kifupi. Dawa yake tuliijua, tukajizuia. Katika katekisimu mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu. Hapa tuliona yafaa kungoja swali la mwanafunzi. Siku ya nne akasema, "Baba, mbona nikipunguza huku, kule kunainuka?" Tukamwonyesha: kisimamishe penye usawa, utie kabari chini ya mguu ulio mfupi mpaka kitulie, kisha uweke kalamu juu ya kibao, uzungushe alama katika kila mguu kwa kimo kilekile, ndipo ukate penye alama. Alifahamu mara moja, kwa sababu shida yake ilikuwa imekwisha kumfungua masikio.

Sasa bibi ana vigoda viwili. Kile chetu amekiweka kwa ajili ya wageni. Kile kifupi hukikalia kila siku penye mafiga, akichagua mchele, naye asema kinamfaa kwa kuwa hakimlazimu kuinama sana.

Enyi akina baba na akina mama, tusiwafanye watoto wetu kuwa washika taa. Iwe ni jembe katika shamba la mpunga, iwe ni wavu mtoni, iwe ni sala za jioni nyumbani, ifike saa ya kumwachia mtoto, ijapokuwa atakosea. Siku hizi mwana wetu ndiye atuongozaye rozari. Juzi aliruka fumbo moja. Tukanyamaza, akasita, akalikumbuka mwenyewe, akalirudia.