Tulivyounga Upya Injini ya Lori

Reli itokayo Kolwezi hupita Mutshatsha na Kasaji, kisha hushika njia ya Dilolo. Haifiki Sandoa. Kwa hiyo sisi tukaao karibu na mto Lulua twategemea magari ya mizigo. Muhogo, mahindi na karanga zetu hutoka kwa gari. Chumvi, sabuni na nguo huingia kwa gari. Lori moja likiharibika, nyumba nyingi huona shida. Ndiyo sababu nataka kuwaeleza jinsi tulivyounga upya injini ya lori la mdogo wangu, nyumbani kwetu, wakati wa kiangazi.

Lori hilo ni Mercedes 911, nalo lilikwisha kutumika miaka mingi alipolinunua. Injini yake ni ya aina ya OM 352, iliyotokea mwaka wa 1964. Ina silinda sita katika mstari mmoja, nayo hutumia mazutu. Injini ya namna hii haihitaji cheche ya kuiwasha. Pistoni hubana hewa mpaka hewa hiyo inakuwa na moto mkali, ndipo mazutu hupulizwa ndani yakawaka yenyewe. Rudolf Diesel, mtu wa Ujerumani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1893, na injini yake ikafaulu mjini Augsburg mwaka wa 1897. Basi injini isiyoweza kubana hewa vema haina nguvu tena.

Huku kwetu adui yake mkubwa ni mchanga. Chujio la hewa la lori lile lilikuwa limepasuka tangu zamani, vumbi likaingia likasaga silinda na ringi za pistoni. Ukatoka moshi wa buluu, dalili ya kuwa oili inaungua. Asubuhi za baridi za mwezi wa Juni halikuwaka mpaka vijana walisukume.

Tuliifungua injini chini ya mwembe, nyuma ya jiko. Kila fungu la boliti lilipata mkebe wake, nami, kwa kuwa ni mwalimu, niliandika katika daftari kila kipande kimetoka wapi na kilielekea upande gani. Mwili wa injini na mhimili wake mkuu, yaani ule ugeuzao mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, vilipelekwa Kolwezi penye mashine za kuchonga. Silinda zikapanuliwa, na mhimili ukasagwa ukapungua robo ya milimita. Vikarudi pamoja na pistoni pana zaidi na beringi mpya za kulingana na mhimili huo.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi muda mrefu katika karakana za migodini. Kwanza alitaka usafi. Tulimwagia maji uwanja ili vumbi lisipande, tukafukuza kuku, na mke wangu akatoa shuka mbili safi za kufunikia vyuma. Majirani walicheka sana kuona injini imetandikiwa kama mgeni. Kila njia ya oili tulipitisha waya, tukaisafisha kwa mazutu, tukapuliza kwa pampu ya magurudumu.

Kisha mhimili mkuu ukalazwa mahali pake juu ya beringi saba. Kila beringi ina vipande viwili, na kile cha juu hushikwa na kifuniko chenye namba yake. Namba hizo haziruhusiwi kubadilishana. Mzee alikaza kifuniko kimoja, akauzungusha mhimili kwa mkono, ndipo akaenda kwenye kinachofuata. Kwa vifuniko vitatu mhimili ulizunguka laini. Tulipokaza cha nne, ukawa mzito.

Siku hiyo jua lilikuwa linakaribia kutua. Mdogo wangu alikuwa na deni la vipuri, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwahidi shehena ya mahindi ikiwa lori litakuwa tayari baada ya siku nne.

"Baba," alimwambia mzee, "beringi ni mpya. Italainika yenyewe njiani."

"Chuma hakijui deni, mwanangu," mzee akajibu. "Fungua."

Wakafungua. Nyuma ya beringi ya nne tuliona punje moja ya mchanga, ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Punje hiyo ilikuwa imeisukuma beringi ndani, hata nafasi ya oili ikapotea. Chuma kingesugua chuma mpaka kikakamatana, na lori lingekwama porini pamoja na akina mama na watoto waliokaa juu ya magunia.

Mzee hakutosheka na punje ile moja. Aliamuru vyote vitolewe na kuoshwa tena, kazi ya siku mbili nzima. Mahindi yalichukuliwa na lori la mtu mwingine, na deni likangoja mwezi mwingine. Usiku ule mdogo wangu alikula bila kusema neno. Asubuhi nilimkuta wa kwanza uwanjani, anaosha vifuniko.

Kazi iliyobaki ilikwenda kwa utaratibu. Mianya ya ringi ilitenganishwa isikae mstari mmoja, maana hewa ingepenya hapo. Alama za magurudumu ya meno zililinganishwa, ili mhimili mkuu ukizunguka mara mbili, ule wa vali uzunguke mara moja. Boliti za kichwa cha injini zilikazwa kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Mirija ya mazutu ilifuata zamu ya silinda: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Mwisho tuliizungusha injini bila mazutu mpaka oili ikapanda, tukatoa hewa katika mirija, ndipo mdogo wangu akawasha. Ilikohoa mara mbili, ikanguruma. Moshi ukawa mweupe kidogo, halafu ukatoweka.

Vijana wengi wa shule huniuliza wafanyeje wawe mafundi. Nawajibu ya kuwa spana hununuliwa, na namba hupatikana kitabuni. Lililo gumu ni kukubali kufungua tena kitu ulichokwisha kukifunga, wakati watu wanakungoja na mfuko hauna kitu. Injini ikikwisha kufungwa hakuna aonaye kilichomo. Abiria apandaye juu ya magunia pale Sandoa hawezi kukagua beringi ya nne. Amemwachia fundi kazi hiyo, naye fundi hana budi kuitimiza.