Usiwapoteze Akina Mama Tisa: Barua kwa Mpwa Wangu wa Magoma

Mpwa wangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia umekabidhiwa takwimu za wajawazito kwenye kituo cha afya hapo Magoma. Unasema ulipounganisha orodha ya kliniki na ile ya wodi ya wazazi, waliojifungulia kituoni walitoka asilimia 100, na wenzako wamekupongeza. Nakuomba usiitume ripoti hiyo.

Swali lako la SQL umeliandika kwa INNER JOIN, ambayo humrudisha tu mama aliyemo katika majedwali yote mawili. Tuseme Kitabu cha 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wajawazito, kina akina mama 40 waliotarajiwa kujifungua, na kadi za 31 kati yao zimeonekana kwenye Kitabu cha 12 cha wodi ya wazazi. Kompyuta itakupa mistari 31, yote ina tarehe ya kujifungua. Ukigawanya 31 kwa 31 utapata mia kila mwezi, hata kama nusu ya wanawake wamejifungulia njiani. Wale tisa wametoweka kabla hesabu haijaanza, na hakuna onyo lolote lililotokea kukushtua.

Kabla ya kuchagua aina ya JOIN, jiulize: ni nani lazima abaki kwenye orodha hata kama habari zake hatunazo? Ripoti yako inahusu wajawazito wote, kwa hiyo jedwali lao litangulie, kisha LEFT JOIN kwenda la wazazi. Mama asiye na rekodi ya pili atabaki, na tarehe yake itakuwa NULL, yaani alama ya habari inayokosekana.

Hapo pana mtego unaonasa hata wazoefu. Ukitaka waliojifungua kuanzia 2024-01-01, mkono utakimbilia kuandika sharti hilo kwenye WHERE. Lakini NULL si kubwa wala ndogo kuliko tarehe yoyote, wala hailingani na NULL nyingine. Ukiipima, jibu si ndiyo wala si hapana, na WHERE hupokea ndiyo peke yake. Wale tisa watatupwa nje tena, na LEFT JOIN yako itafanya kazi ya INNER JOIN. Sharti la jedwali la kulia, yaani la wazazi, liweke kwenye ON, baada ya AND. Ukifika kuhesabu, COUNT(*) itakupa mistari yote, lakini COUNT ya tarehe itaziruka NULL. Na mapacha wakiandikwa mistari miwili, mama yao atatokea mara mbili, basi hesabu kwa COUNT(DISTINCT) ya namba ya kadi iliyo upande wa wazazi.

Wapo pia waliomo wodini ila kliniki hawamo: binti aliyeolewa mbali akarudi kwa mama yake kujifungua, au aliyeteremka kutoka milima ya Usambara uchungu umeshaanza. Hao utawaona kwa FULL JOIN. Kati ya mifumo ya kanzidata, PostgreSQL inayo; MySQL haina, hivyo humo utaunganisha LEFT JOIN na RIGHT JOIN kwa UNION.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: penye NULL usiandike "alijifungulia nyumbani", wala usijaze sifuri. Huenda mama alikwenda hospitali ya Magunga pale Korogwe, au alipewa rufaa ya hospitali ya Bombo, Tanga. Huenda amehama na mumewe kufuata kazi ya mkonge, au tarakimu moja ya kadi imekosewa. Edgar Codd, aliyeasisi kanzidata za majedwali mwaka 1970, alisisitiza kwamba habari inayokosekana iwe na alama yake, tofauti na sifuri na tofauti na maandishi matupu. Nakubaliana naye kabisa. Sifuri ni jibu, na sisi kuhusu wale tisa bado hatuna jibu.

Basi rudia swali lile kwa LEFT JOIN, na mwishoni weka WHERE namba ya kadi ya upande wa wazazi IS NULL. Yatabaki majina tisa. Linganisha kwanza namba zao na vitabu vyenyewe, kwa macho, halafu watakaobaki wakabidhi wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawafuate majumbani. Fanya hivyo wiki hii, kabla ripoti haijaondoka, na unijulishe wamepatikana wangapi.

Mama yako msalimie sana.

Mimi mjomba wako.