Maji Hayana Mpaka

Ukisimama Mbamba Bay, huoni mpaka majini. Nchi 3 hutumia Ziwa Nyasa: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Maji yake hutoka kwa Mto Shire, huingia Mto Zambezi, kisha baharini.

Mkataba wa kutunza maji ya bonde la Zambezi ulitiwa saini mwaka 2004. Ulianza kutumika mwaka 2011. Lakini mkataba haushiki jembe. Jembe unalo wewe.

Samaki mbasa hupanda Mto Ruhuhu kutaga mayai penye changarawe. Udongo wa mashamba ukifunika changarawe, mayai hufa. Mvuvi hukosa.

Nikifundisha Mbinga husema hivi: wazee wa Kimatengo walituachia ngoro. Mashimo yake huzuia maji na udongo. Tulime ngoro. Jirani wa ng'ambo naye apate samaki.